Penseli ya Kijani

Mimi ndiye niliyeipaka Lubigi rangi ya kijani.
Nilikaa ghorofa ya tatu, dirisha bovu, feni bovu,
nikaichonga penseli mara nne
hata mafunjo yote yakaenea ndani ya mstari.
Mtaalamu mgeni akaniambia, Safi sana,
hapa ndipo mji utapumulia.
Nami nikaamini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita,
na kwenye karatasi mji haukohoi.

Kisha tukatumwa uwandani, mimi na Acidri,
tuipigie vigingi barabara ya mita thelathini.
Kigingi cha kwanza kikaangukia choo.
Cha pili, kaburi.
Cha tatu, kanisa la walokole, ibada inaendelea;
mchungaji akatuombea tupate kazi nyingine.
Cha nne hatukukipiga.
Lwanyaga fundi cherehani alisimama juu ya alama,
hati yake imekunjwa na kukunjuliwa hata imelainika kama leso.

"Ardhi ni ya mailo. Mwenye mailo alikufa,
watoto wake wanane wanashtakiana.
Kibanja ni changu. Migomba ni ya mke wangu.
Chumba cha uani ni cha mpangaji, amelipa mpaka Desemba.
Hiyo barabara yenu mtamwomba nani?"
Acidri akaandika daftarini: Pana kizuizi.

Kizuizi!
Haki nne katika ua mmoja,
nasi tulipewa safu moja tu ya kuandikia.

Mfereji, lakini, ulichimbwa kweli:
zege nene, upana wa malori mawili,
ukashuka kwa madaha hadi mpaka wa manispaa,
ukakoma.
Ng'ambo ni wilaya nyingine, bajeti nyingine,
mwenyekiti mwingine na hasira zake.
Ng'ambo kuna kijitaro cha kuruka kwa hatua moja.
Nilihudhuria vikao saba juu ya hatua ile.
Soda zilikuja. Kumbukumbu zikasomwa, zikapitishwa.
Maji hayakualikwa;
yakaja yenyewe mwezi wa Aprili, yakakalia viti.

Niseme wazi, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza:
mshahara wangu ulinipeleka ulikowapeleka wengine.
Nilinunua futi hamsini kwa mia,
nikamwaga kifusi malori kumi na mawili,
nikajenga vyumba viwili na kibaraza.
Dalali aliapa, Hapa pakavu, ndugu, uliza yeyote.
Sikuuliza. Nilipajua.
Nilipapaka kwa mkono wangu.

Kwenye pembe ya chumba, chini ya kitanda,
funjo limepasua saruji, limechungulia,
jembamba, la kijani, limechongoka.
Mke wangu hulikata kwa kisu cha matoke.
Hurudi.

Juzi mvua ilipiga mabati hadi saa nane za usiku.
Nantongo wa nyumba ya pili, anayeuza magimbi
aliyoyapanda kwenye hifadhi ya barabara isiyokuja,
alibisha hodi, mtoto mgongoni, redio kichwani.
"Wewe wa ramani, maji haya yaelekee wapi?"

Nikawasha tochi, nikanyoosha kidole magharibi,
kule ambako, kwa kipimo cha moja kwa elfu kumi,
pana bustani, mabenchi, na njia ya waendao kwa miguu.
Akakitazama kidole changu. Akaitazama miguu yangu.
"Shika jembe," akasema.

Tukachimba hadi alfajiri, watu kumi na mmoja,
mtaro uliopinda, uliozunguka choo, uliokwepa kaburi,
uliopita chini ya kamba ya nguo za mama Kirabo,
kila ua ukitoa shubiri yake kwa matusi, lakini ukitoa.
Haumo katika mchoro wowote.

Asubuhi nikaenda kazini na tope vifundoni.
Mezani palikuwa na mpango mpya, karatasi nyororo,
Lubigi nyeupe, ikingoja.
Nikachonga penseli. Nikachonga, nikachonga,
mpaka ikabaki ya kushikwa kwa kucha.